Saini ya Waraka wa Arobaini na Nne

Watu wa bandarini walinipa jina la Mama Saini, na sikulipenda hata siku moja. Lilinifanya nionekane mtu wa kuwasumbua wenzake kwa kalamu, jambo ambalo, nikisema ukweli, ndilo nililokuwa nikilipwa kulifanya. Kwa miaka kumi na sita nilikuwa tarishi wa ofisi ya usalama wa bandari. Nilibeba bahasha kutoka serikalini na kuzipeleka kwa kampuni binafsi tisa zilizofanya kazi ndani ya ukuta ule: wenye yadi za makontena, wenye matangi ya mafuta, wenye ghala la nafaka, wenye vyumba vya baridi, na mawakala wa meli. Ndani ya bahasha mlikuwa na nyaraka za tahadhari. Serikali ikisikia kwamba kuna genge linaloiba kwa njia fulani, au kuna mzigo wa kutiliwa shaka, iliandika waraka, na kampuni zote zilipaswa kuujua siku hiyohiyo.

Mtu ataniuliza kwa nini mambo mazito kama hayo hayakutumwa kwa kompyuta. Yaliwahi kutumwa. Mwaka mmoja onyo kuhusu wezi lilikwenda kwa barua pepe, wezi wakalisoma kabla ya walinzi, wakabadili siku yao ya kuiba. Wakubwa wa pande zote mbili wakakaa kikao, wakakubaliana: karatasi, bahasha iliyogundishwa, mkono kwa mkono, na daftari la kusaini. Daftari lenyewe lilikuwa jeusi, lenye jalada gumu, kila kampuni na sehemu yake, na safu tano: namba ya waraka, tarehe, saa ya kupokea, jina, saini. Waraka ulitakiwa kupokelewa kabla ya saa tatu asubuhi. Kila Ijumaa Mkuu wangu wa kazi alichukua rula, akaishusha kwenye safu ya saa mstari baada ya mstari, na akikuta saa tatu na dakika tano aliizungushia wino mwekundu. Sijui kama watoto wake waliwahi kukaguliwa madaftari yao ya shule kwa mapenzi kama yale.

Kulikuwa na kitu kingine alichokipenda, nacho ni muhuri. Kila bahasha iliyotoka mezani kwake ilipigwa muhuri wa HARAKA. Onyo la wizi lilikuwa HARAKA. Mabadiliko ya chumba cha kikao yalikuwa HARAKA. Siku moja nilizunguka na bahasha tisa za HARAKA, na ndani yake, kama nilivyokuja kujua, mlikuwa na maombi kwamba wajumbe wasiegeshe magari yao mbele ya mlango wa Mkuu. Baada ya miaka michache hakuna aliyenyanyua kichwa kwa ajili ya muhuri ule, mimi mwenyewe nikiwa wa kwanza.

Sasa niseme kosa langu, maana nimeanza kuandika kwa ajili ya hilo tu. Goti langu la kulia liliharibika. Kutoka ofisini hadi kwenye matangi ya mafuta, upande wa mwisho kabisa wa bandari, ni mwendo wa karibu saa nzima, kwenda tu. Dereva wa gari dogo la kampuni ya mafuta akanionea huruma. Kila asubuhi yenye waraka alinipakia langoni na kunishusha kwenye matangi, nami nikawa narudi kwa miguu taratibu, nikigawa bahasha njiani. Kwa hiyo yadi ya makontena iliyo jirani na lango kuu, ambayo zamani ilikuwa ya kwanza kupata waraka, ikawa ya mwisho. Nilifika pale saa tano, na rula ya Mkuu ilitaka kabla ya saa tatu.

Nilikuwa na bahati, au niliiona ni bahati. Mkuu wa ulinzi wa yadi ile alikuwa shemeji yangu, mume wa mdogo wangu wa mwisho. Wafanyakazi walimwita Kofuli, kwa sababu hakuna mlango aliouacha bila kuujaribu kwa mkono wake, hata wa choo cha wageni. Mdogo wangu nilimlea mimi baada ya mama yetu kufariki, na Kofuli alipokuja kuposa, mimi ndiye niliyemhoji. Tangu siku ile tulikuwa watani. Basi nikamwambia anisainie nyaraka za mbele, namba tatu nne hivi ambazo hazijaandikwa bado, nami nitajaza tarehe na saa zikija. Nilimwambia goti langu litamwombea dua.

"Shemeji," alisema huku akishika kalamu, "mimi ni mtu wa hatari. Serikali inaniamini hata kwa siri ambazo haijazijua."

Tulicheka sana. Alisaini. Zikiisha alisaini nyingine, na siku akiwa ameshikwa na shughuli alimpa daftari mtu aliyekuwa karibu, ambaye mara nyingi alikuwa Mkasi.

Mkasi ndiye aliyekuwa akikata lakiri. Kila kontena hufungwa mlango kwa kipande cha chuma chenye namba, ndiyo lakiri hiyo, na haikatwi mpaka namba yake ilinganishwe na ya kwenye karatasi. Mkasi alikuwa na koleo la mikono mirefu, ndilo lililompa jina, na alifanya kazi ile miaka ishirini na mbili bila kukata lakiri hata moja kimakosa. Alikuwa mtu mpole, mrefu, mkewe fundi cherehani. Saini yake haikuwa saini. Aliandika jina lake lote, herufi moja baada ya nyingine, ulimi ukiwa umetokeza pembeni ya mdomo, na mwishoni akapiga mstari chini. Nilimuuliza siku moja kama anasaini au anatarizi. Akanijibu kwamba jina ni la baba yake, na jina la baba halikimbizwi. Nilisimama juu ya goti langu bovu nikisubiri amalize, na moyoni nikasema mtu huyu ataniua.

Makubaliano yalikuwa na upande wa pili. Kampuni nazo zilipaswa kuiambia serikali kile walichokiona, kwa kujaza fomu ya manjano na kunipa mimi niirudishe ofisini. Wengi hawakujaza. Walisema fomu zikipanda juu hazishuki. Kofuli alijaza moja mwezi ule, na aliyemfanya aijaze alikuwa Mkasi. Alikuwa amekata lakiri za makontena mawili ya wakala mmoja, na kwenye milango akaona alama za gundi, mraba mmoja kila mlango, kama kulikuwa na kibandiko kikabanduliwa. Mizigo ilikuwa sawa, namba zilikuwa sawa, lakini gundi ilimkera. Alimwambia Kofuli kwamba kibandiko hakijibandui chenyewe. Kofuli akaandika, mimi nikaibeba ile fomu, nikaiweka kwenye trei ya Mkuu. Baada ya hapo kila nilipopita Mkasi aliniuliza kama majibu yao yamerudi, na kila mara nilimjibu bado.

Waraka wa arobaini na moja ulitoka siku ya Jumanne. Nilikuta bahasha tisa mezani, zote HARAKA. Nikaketi, nikafungua daftari kwenye sehemu ya yadi, nikakuta saini ya Kofuli inanisubiri kwenye mstari wa mwisho wa ukurasa. Nikaandika tarehe. Kwenye saa nikaandika saa mbili na nusu. Ilikuwa saa mbili kasorobo. Niliandika vizuri, kwa kalamu ya ofisini, kisha nikatoka nikapanda gari la mafuta.

Gari lilipita mbele ya yadi. Palikuwa na lori linageuka, dereva wetu akasimama kulipisha, na Mkasi alikuwa pale langoni na koleo lake begani. Akasogea dirishani. Akanisalimia, akauliza hali ya goti, halafu akauliza swali lake.

"Mama, majibu yetu bado tu?"

"Bado," nikamwambia. "Serikali inaandika kwa mkono wa kushoto."

Alicheka, akagonga ubavu wa gari kutuaga. Bahasha yao ilikuwa mkobani, mapajani mwangu. Ningeweza kuipitisha dirishani bila hata kushuka, na sikuipitisha, kwa sababu daftari lilikuwa limeshasainiwa na kwa mtindo wangu bahasha ya yadi ilikuwa ya mwisho. Bahasha nilikuwa nimezipanga hivyo, yao chini kabisa. Sijapata sababu nyingine, na nimeitafuta sana.

Niliporudi, yapata saa tano, lango la yadi lilikuwa wazi na hakuna mlinzi. Nikajua kuna jambo, maana lango la Kofuli haliachwi wazi. Watu walikuwa wamesimama mbali na kontena moja la bluu, gari la wagonjwa limekwisha kuondoka na Mkasi. Saa nne alikata lakiri. Akafungua mlango, akaona tena gundi, akaingia hatua chache aangalie mzigo. Akaanguka. Kofuli alimwona miguu, akaziba pua kwa shati, akaingia akamvuta. Nilimkuta Kofuli ameketi chini, mgongo ukutani, ametapika mbele yake, macho mekundu. Watu walikuwa wanamlazimisha apande gari la pili naye anakataa.

Sikujua la kufanya, nikafanya kazi yangu. Nikatoa bahasha nikampa. Akaichana vibaya, akasoma, kisha akanigeuzia karatasi nisome mimi. Nyaraka zile hazikuwa za macho ya tarishi, na kwa miaka kumi na sita sikuwahi kuzisoma zikiwa mkononi mwangu. Waraka ulisema kwamba kuna genge la magendo linalojaza makontena dawa ya kuulia wadudu, ile ya vidonge vinavyotoa gesi, kupita kiasi, ili mbwa wa ukaguzi wasinuse kilichofichwa ndani. Vibandiko vya kuonya kuhusu gesi hubanduliwa ili kontena lisitiliwe shaka. Ulisema mdau mmoja ameripoti alama za gundi milangoni. Kontena lolote lenye alama hizo lisifunguliwe, na ofisi ipigiwe simu mara moja.

Mdau mmoja. Alikuwa Mkasi. Alichokiona yeye kilipanda hadi kwa wakubwa, kikakaa kwenye trei siku tisa kikisubiri saini, kikaandikwa vizuri, kikapigwa muhuri, kikarudi mpaka dirisha moja kutoka mkononi mwake.  Kofuli aliangalia tu daftari kwapani mwangu. Jioni ile simu ilipigwa kutoka hospitali kwamba Mkasi amefariki, na kwamba Kofuli wamemlaza.

Nilikwenda mazishini. Nilikaa nyuma na wanawake wengine, nikalia, na waliokuwa karibu wakanishika mikono wakinifariji. Niliwaacha wanifariji. Hilo nalo ninaliweka kwenye hesabu ya makosa yangu.

Serikali iliunda tume, na daftari likafungiwa kabatini kuisubiri, bila mstari mwingine kujazwa. Hapo ndipo daftari likaanza kusema. Lilisema Kofuli alipokea onyo saa mbili na nusu, na Mkasi alianguka saa nne. Basi ama Kofuli alilala na onyo mfukoni, na huyo ni mtu wa kushtakiwa, ama alimwambia Mkasi na Mkasi akapuuza. Kampuni ya yadi ilipenda jibu la pili. Mwanasheria wao alilitangaza mapema, mbele ya wafanyakazi waliokusanywa uani, kwamba marehemu alikuwa fundi mzuri lakini mtu wa kufuata kichwa chake. Akamalizia kwa methali, kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Niliposimuliwa nikajiuliza. La mkuu lipi? La mkuu lilikuwa kwenye mkoba wangu, chini ya kopo langu la maji.

Nilikuwa na hasira, lakini nilinyamaza. Nilikuwa nimebakiza miezi kumi na minne nistaafu. Nilijiambia Mkuu ndiye aliyekalia fomu siku tisa, na hilo ni kweli. Nilijiambia wenye kontena ndio waliotia sumu, na hilo ni kweli zaidi. Nilikuwa na kweli nyingi wiki ile, zote za watu wengine.

Ijumaa moja kabla ya tume kukaa, Mkuu aliniita. Hakuwa na rula. Alifunga mlango, akanitengea kiti, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akafungua daftari kwenye sehemu ya yadi. Waraka wa arobaini na moja ulikuwa mstari wa mwisho wa ukurasa. Akafunua. Ukurasa uliofuata ulikuwa na namba arobaini na mbili hadi arobaini na tano, zote zimesainiwa, bila tarehe wala saa. Alizitazama muda mrefu. Kumbe alikuwa akijua siku zote, rula yake haikuwahi kufunua ukurasa wa pili kwa sababu hakutaka ifunue.

"Mama," alisema, "karatasi hii haina kazi. Daftari likifika mezani kwa tume Jumatatu, liwe safi."

 Alinikabidhi daftari niende nalo nyumbani, yeye asiwe na mkono. Nilimwelewa. Na nitasema yote, nilipofika nyumbani nilitoa wembe, nikauweka juu ya daftari, nikaenda kupika.

Jumapili mchana mdogo wangu alikuja. Kofuli alikuwa ametoka hospitali, anakohoa, hali chakula vizuri. Mdogo wangu aliketi kwenye kiti cha jikoni, akaanza kunichambulia mchele bila kuombwa, kama alivyokuwa akifanya utotoni akiwa na jambo. Akaniambia kampuni wamemletea Kofuli maelezo yaliyopigwa chapa. Yanasema alipokea waraka, akamwambia Mkasi kwa mdomo, Mkasi akaitikia, kisha akaingia kwa ukaidi. Akisaini, anabaki na kazi yake na hapelekwi popote. Asiposaini, daftari litamfunga.

Nilimuuliza mdogo wangu Kofuli amesemaje. Alisema amekataa kusaini, na amekataa pia kusema kwa nini hakuupata waraka. Kila akimbana humjibu neno moja tu.

"Anasema hilo si lake kulisema," mdogo wangu aliniambia. "Anasema, 'Ni la dada yako.' Sasa mimi nimekuja unieleze, dada, maana nina mume anayekohoa damu na hataki kujitetea."

Wembe ulikuwa palepale juu ya daftari, kwenye meza ileile. Aliuona. Hakujua ni wa nini, lakini aliniona mimi nilivyouangalia. Nikamweleza. Nilianza na goti nikamaliza na dirisha la gari, sikuficha kitu. Nilidhani atanipigia kelele. Aliendelea kuchambua mchele hadi ukaisha, akaosha mikono, akasimama mlangoni.

"Wewe ndiye uliyenifundisha kusoma," alisema. "Ulikuwa unanichapa nikisema nimesoma kumbe sijasoma."

Akaondoka. Niliketi pale mpaka chakula kikaungua. Niliona aibu niliyokuwa sijawahi kuiona, hata mazishini. Kofuli alikuwa tayari kufungwa kuliko kumtaja shemeji yake, na alikuwa tayari kufungwa kuliko kumsingizia maiti. Mimi niliyemhoji siku ya posa kama anafaa kuingia kwetu nilikuwa na wembe mezani. Niliurudisha wembe kwenye kikebe chake.

Tume ilikaa kwenye chumba cha mikutano cha bandari, kilekile walimokutana wakubwa kukubaliana kuhusu bahasha. Meza ndefu, madirisha yenye vumbi, feni moja ikilia. Mwenyekiti alikuwa jaji mstaafu, mama mmoja mwenye sauti ndogo aliyeandika mwenyewe ingawa alikuwa na karani. Mkuu wangu aliketi upande wa serikali, mwanasheria upande wa kampuni. Kofuli alikuwa kwenye kiti cha peke yake. Mke wa Mkasi aliketi karibu na mlango, amevaa kanga nyeusi, mikono mapajani, vidole vyake vikikunja na kukunjua pindo la nguo.

Niliitwa kwa jambo moja tu, kulitambua daftari. Nilitakiwa niseme ndilo, nionyeshe mstari, niende zangu. Mwanasheria aliniuliza kama saa mbili na nusu niliiandika mimi. Nikasema niliiandika mimi. Akasema ahsante. Mkuu akashusha pumzi.

Nikawaambia sijamaliza. Nikamwambia mwenyekiti kwamba saa ile niliiandika saa mbili kasorobo, nikiwa ofisini, kabla sijatoka. Nikamwambia saini iliandikwa wiki mbili nyuma, kabla waraka wenyewe haujawa hata wazo, na kwamba ni mimi niliyemwomba Kofuli. Bahasha ilifika saa tano, Mkasi akiwa ameshabebwa. Mkuu alianza kusema kwamba mama huyu ana uchungu, amechoka. Mwenyekiti akamnyamazisha kwa kuinua kalamu, akaniuliza kama nina uthibitisho au ni maneno tu. Nikafunua ukurasa.

 Nilimsomea. Waraka wa arobaini na mbili, hauna tarehe, hauna saa, umesainiwa na mkuu wa ulinzi. Wa arobaini na tatu, vilevile. Nilijua kila mstari ninaousoma unanitoa kazini. Barua ya kunifukuza ilinifikia mwezi uliofuata, nikaisoma yote kabla ya kuisaini. Lakini wakati ule sikuwa nikiwaza barua, kwa sababu nilikuwa nimefika mstari wa tatu, na nikakoma kusoma.

Nilikuwa nimeuona ukurasa ule mara nyingi. Nilikuwa nimekaa nao siku mbili nyumbani. Siku zote niliuona kama namba na kalamu, sikuwa nimesoma majina. Waraka wa arobaini na nne haukusainiwa na Kofuli. Jina liliandikwa lote, herufi moja baada ya nyingine, na mstari umepigwa chini.

Mwenyekiti alisubiri, kisha akaomba alione daftari mwenyewe. Alisoma, akamtazama mwanamke aliyekuwa karibu na mlango, akauliza kwa upole kama angependa kuja kulitambua jina hilo. Alikuja. Aliweka kidole chake cha ufundi, chenye alama za sindano, chini ya herufi ya kwanza, akakisogeza polepole mpaka kwenye ya mwisho. Akasema ni mkono wa mumewe. Kisha akanigeukia mimi.

"Huu waraka ulisema nini?"

Waraka wa arobaini na nne nilikuwa naujua. Sote tulikuwa tunaujua, kwa sababu safari hii waliubandika kwenye kila lango badala ya kuufungia kwenye bahasha. Nikamwambia ulitoka siku nne baada ya mazishi. Nikamwambia unaamuru kwamba mtu yeyote asiingie ndani ya kontena lolote kabla hewa yake haijapimwa.

Alirudia kulitazama jina. Mwanasheria alikuwa anapanga karatasi zake, akaacha.

"Na amesaini kwamba ameupata," alisema.

"Amesaini."

Akainua kidole kutoka kwenye daftari, akamgeukia karani.

"Basi andika," alimwambia. "Andika kwamba mume wangu alipewa amri hii moja tu, na hajaivunja."

Karani alimtazama mwenyekiti. Mwenyekiti akaitikia kwa kichwa, na karani akaandika.